Kivuli Tulichokipima Pamoja

Adhiambo mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Uko kwa msusi tangu mchana, na mama yako kila akipita hapa analalamika kwamba mtu anayesafiri kesho hana haja ya misuko midogo namna hiyo. Mimi niko stoo, nimekaa juu ya rundo la viti vya plastiki, na turubai la tenti lililokunjwa ndilo meza yangu. Sijawahi kukuandikia barua kwa sababu hujawahi kwenda mbali kiasi cha kuandikiwa. Hata sasa uko ng'ambo ya barabara tu. Lakini kuna jambo ambalo nimeshindwa kukuambia uso kwa uso, na kesho asubuhi unapanda gari kwenda Nakuru.

Jambo lenyewe ni hili: najua kwamba mchoro wa pili wa banda uliuchora wewe.

Keti kwanza, halafu uendelee kusoma. Kesho kabla hujatoka mama yako atatuita sebuleni, tutashikana mikono, na ataniambia, "Baba Adhiambo, ombea mtoto." Ndivyo babu yako alivyonifanyia mimi nilipotoka kwake, na ndivyo inavyotakiwa nikufanyie wewe. Sijui kama nitaweza. Nimekuwa nikijizoeza maneno tangu wiki iliyopita, na kila nikifika kwenye jina lako nakwama. Nina uchungu nawe, mwanangu. Nimeona nikuandikie ujue, kuliko kukushika mkono na kumwambia Mungu maneno mazuri nisiyoyamaanisha.

Mambo ya chakula, ya kufunga mlango, ya marafiki, mama yako amekwisha kukuambia, tena zaidi ya mara moja. Sitayarudia.

Nitaanzia mbali kidogo. Umekulia kwenye tenti. Ulijifunza kuhesabu kwa viti hivi hivi ninavyovikalia, na mtaani hapa Nyamasaria hakuna anayeniita kwa jina langu, wote wananiita Jatent, mtu wa tenti. Lakini sidhani nimewahi kukuambia kinachonichosha katika kazi hii. Si kubeba nguzo. Ni ile tenti ya wakubwa. Kila shughuli, iwe harusi au mazishi, nitaambiwa nipige tenti ya familia, tenti ya wageni, na tenti ya wakubwa. Ya wakubwa hupigwa kwanza, mahali pazuri kuliko pote, na viti vyake huvalishwa vitambaa na kufungwa utepe. Kisha hukaa tupu. Watu wanabanana kwingine, kina mama wenye watoto wachanga wanasimama juani, na mzee akithubutu kusogea karibu, msema chochote anamfokea kwa kipaza sauti: "Hiyo tenti muachane nayo, wageni wako njiani."

Siku moja kule Asembo Bay wageni hao hawakufika kabisa. Marehemu alizikwa, watu wakala, wakatawanyika, na viti vyangu vikabaki vimevaa vitambaa vyao bila mtu kuvikalia. Nilivirudisha nyumbani, na mama yako akavifua vile vile, ingawa havikuwa na doa. Nilimtazama akivianika nikajisemea kwamba kuna siku nitajenga kivuli ambacho mtu yeyote anaweza kukaa chini yake bila kuulizwa yeye ni nani.

Ndiyo maana komiti ya uwanja iliposema inataka banda la watazamaji, nilijitolea kabla hawajamaliza kusema. Watu walinicheka. Mmoja akaniuliza, "Jatent, sasa wewe unajenga tenti ya bure ndio nani akukodishe yako?" Sikujali. Nilikuwa namfikiria Dani yako, mama yangu, na kile kigoda chake anachobebewa kila mechi ya timu ya wasichana. Unavyomjua, magoti yamemwisha lakini mdomo haujambo. Amejifunika leso kichwani, jua linamchoma, na bado anamwuliza mwamuzi, "Refa, in muofu?" kama kwamba mtu akiulizwa kama ni kipofu atajibu.

Uwanja wetu uko kati ya barabara na mashamba ya upande wa ziwa. Watazamaji wote hukaa upande wa barabara, kwenye mwinuko, kwa sababu ndiko wanakoingilia. Mechi huwa alasiri, na alasiri jua linaelekea ziwani, kwa hiyo wote wanatazama mpira wakiwa wameweka kiganja juu ya macho kama askari wanaopiga saluti. Mimi, mtu wa tenti, miaka yote hii sikuwa nimeliwaza hilo. Nilitaka banda lijengwe pale pale kwenye mwinuko, kwa kuwa ndipo watu walipozoea. Ni wewe uliyesema, "Baba, tupige tenti kwanza, tuone."

Naukumbuka ule mchana kuliko siku yako ya mahafali ya usanifu wa majengo. Tulipiga tenti moja upande wa barabara, bila kiti ndani yake. Watoto wakaja kutuuliza ni nani amefariki. Jua lilipoanza kushuka, kivuli cha tenti kikaangukia nyuma, kikawafunika mbuzi waliokuwa wakila nyasi kando ya barabara. Ndani ya tenti kulikuwa kweupe kwa jua. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema, "Baba, tungejengea mbuzi."

Kesho yake tukaihamishia upande wa ziwa. Kivuli kikalala mbele ya tenti, kikaenda mpaka karibu na mstari wa uwanja. Wewe ulishika ncha ya kamba, mimi nikapigilia kigingi pale kivuli kilipoishia, tukasogea, tukapigilia kingine. Ni mvua tu iliyotusumbua, kwa sababu mvua ya jioni huku hutoka vilima vya Nandi na ingewapiga watazamaji usoni. Ulilala na swali hilo, ukaamka na jibu: paa lirefushwe mbele na kuinamishwa kidogo, kama ukingo wa kofia. Na mabenchi yawe chini, usawa wa ardhi, marefu, yasiyo na majina wala migongo ya kifahari. Na penye tofauti ya ardhi kuwe na njia ya mteremko, si ngazi, ili Dani apande na fimbo yake.

Ulichora yote hayo kwenye meza ya kulia chakula, na tulikula tukiwa tumepakata sahani ili tusichafue karatasi. Nilimwonyesha kila mtu aliyekuja kukodi viti. Nilikuwa baba mwenye majivuno, na sioni aibu kulisema.

Sasa nifike kwa Mwalimu Oduor. Wewe humjui kama katibu wa komiti, unamjua kama baba yako wa pili. Nilicheza naye mpira kwenye uwanja huo huo tukiwa vijana, mimi beki, yeye winga anayesubiri mimi nitoe jasho ndipo afunge bao. Alisimama kando yangu siku ya harusi yangu. Ukiwa mdogo ulikuwa unamnunia anapokutuma sigara dukani, nami nilikuambia maneno ambayo nimeyakumbuka sana siku hizi: "Mwalimu akikutuma, hesabu ni mimi nimekutuma." Nilisema hivyo nikidhani nakufundisha heshima.

Ulikuwa hapo siku ya mkutano? Hukuwapo, ulisema unaumwa kichwa. Basi nikusimulie. Tulikutana kwenye darasa la shule, komiti nzima pamoja na kina mama wa timu, na mheshimiwa wa eneo letu akaja na watu wake, kwa sababu ndiye aliyeahidi kuleta vifaa vya ujenzi. Nilikuwa na mchoro wetu, nimeukunja vizuri. Oduor akaupokea mlangoni. "Nipe hiyo niweke na karatasi zingine, wewe kaa mbele na mgeni." Nikakaa mbele na mgeni. Watu wakaongea, mheshimiwa akaongea zaidi, tukapiga makofi. Nilikuwa nangoja mchoro ufunguliwe ukutani tuupitie. Oduor akasimama akasema, "Kwa sababu ya muda, mambo ya plani tumeshakubaliana na ofisi ya mheshimiwa. Tusirudi nyuma. Naomba Jatent, ambaye ndio mzee wa hii projekti, atufungie na maombi."

Wewe niambie, mtu wa kanisa akiitwa kuomba, atasema nini? Atasema hapana, nina swali? Nilisimama. Nilifumba macho. Nilimshukuru Mungu kwa banda ambalo watu wake wamelipanga kwa moyo mmoja, nikamwomba alibariki kama lilivyochorwa. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, hakuna aliyenilisha. Watu wote wakasema Amina, na mama mmoja akapiga vigelegele.

Tukatoka nje kupiga picha. Oduor akatandaza karatasi juu ya boneti ya gari la mheshimiwa, na haikuwa yetu. Banda lilikuwa limehamia upande wa barabara. Mabenchi yamekwenda. Kulikuwa na jukwaa lililoinuka, lenye viti vichache vya kuegemea na kizuizi cha vyuma mbele, na juu ya paa, upande unaotazama magari yanayotoka Nairobi, palikuwa na ubao mrefu wa kuandikwa jina la mfadhili. Watazamaji wengine walionyeshwa kushoto na kulia, nje ya paa, wamechorwa kama vijiti.

Nikamvuta Oduor kando. Nikamwambia hili silo banda letu, hili ni tenti ya wakubwa iliyomwagiwa saruji. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniwekea mkono begani akasema, "Lakini Baba Adhiambo, si ni wewe umeombea hii kitu saa hii? Watu wote wamesikia. Sasa utasimama useme nini, Mungu alikosea?"

Unajua kwetu mkutano ukishafungwa kwa maombi umefungwa. Anayeinua mkono baada ya Amina huonekana anabishana na Mungu, si na komiti. Oduor alilijua hilo, na alinijua mimi. Hakunizuia kuongea. Alinipa heshima ya kuongea mwisho, na nikajifungia mlango kwa mkono wangu. Kosa hilo ni langu. Nilipaswa kuuliza kwanza ndipo niombe. Tangu siku ile nikiitwa kuomba mahali natafuta kisingizio cha kutoka nje.

Lakini Oduor ningeweza kumeza. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Nilijiliwaza kwa methali hiyo pale pale, nimesimama kando ya gari la mtu. Nikasema rafiki ni rafiki tu, nyumbani ninao watu wangu. Kisha nikaitazama karatasi mara ya pili.

Pembeni mwa jukwaa, mahali ambapo hakuna mkubwa anayeweza kupahitaji, palikuwa na njia ya mteremko. Pana, ya taratibu, na kishikio upande wa kulia, kwa sababu Dani hushika fimbo kwa mkono wa kushoto.

Hakuna mtu mwingine duniani angeweka kishikio upande ule. Nilikujua kwa wema wako, mwanangu, na sijui kama kuna njia mbaya zaidi ya kumgundua mtu. Wewe uliyeshika kamba. Wewe uliyesema tungejengea mbuzi. Ulikuwa unajua, tena kwa macho yako, kwamba upande ule jua litaingia ndani na kivuli kitakwenda barabarani, na ukakaa mahali fulani ukalichora banda hivyo hivyo kwa rula.

Nilirudi nyumbani ukaniuliza mkutano ulikuwaje. Nikasema ulikuwa mzuri. Ukaniletea chai. Hukunitazama, nami sikukutazama, na mama yako akadhani tumekula kitu kibaya. Nilingoja. Kila jioni nilijiambia leo ataniambia. Nilikuwa nazima redio mapema ili upate nafasi. Ulikuwa unaaga unaenda kulala.

Halafu ikaja habari ya kazi. Uliingia mbio ukisema, "Baba, nimeitwa Nakuru, kampuni ya ujenzi, Mungu ni mwema." Nilisahau kila kitu. Nilikukumbatia, na Jumapili nilisimama mbele ya kanisa zima nikatoa ushuhuda kwamba mtoto wa mpiga tenti amepata kazi bila kujuana na mtu. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa. Bila kujuana na mtu. Wewe ulikuwa umekaa benchi la tatu, ukainama kutafuta kitu kwenye mkoba.

Siku ya ufunguzi wa banda ulibaki nyumbani tena, kwa hiyo nikueleze uliyoyakosa. Dani alifika kabla ya wageni. Akaiona njia ya mteremko, akaipanda bila kusaidiwa, akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha katikati chenye kitambaa. Kijana mmoja wa usalama akamwambia, "Mama, hapo ni pa wageni." Dani akamjibu kwamba yeye ni mgeni, atakufa karibuni. Wakamwacha. Mechi ilipoanza jua likaingia ndani ya banda kama tulivyojua wewe na mimi, likawapiga wakubwa usoni, na wakaletewa miavuli. Uliwahi kuona watu wamekaa chini ya paa jipya wamefungua miavuli? Watu waliokuwa nje walicheka sana. Mimi nilitaka kucheka, kicheko kikakataa.

Dani akanigeukia akaniuliza, "Wuoda, mwanangu, nani alitengeneza hii njia nzuri? Nimepanda kama msichana." Nilisema sijui. Nilijua, na nilikunyima ile sifa kwa makusudi, mbele ya nyanya yako, na mpaka leo sijajuta vya kutosha.

Ni siku hiyo hiyo, watu wakinywa soda, ndipo Oduor aliponijia. Alikuwa na furaha, alitaka tupatane. Akasema, "Omera, rafiki yangu, wacha kuninunia. Kama sio ile plani ya pili, huyu mtoto angekuwa bado anabeba viti na wewe. Mheshimiwa aliiona akauliza ni nani amechora hii, nikamwambia ni msichana yetu. Ndio akapigia rafiki yake wa Nakuru." Akanipiga begani. "Sasa mimi ni adui ama ni ndugu?"

Msichana yetu, alisema. Nilianza kukusanya viti vyangu kabla mechi haijaisha.

Kwa hiyo unaona ninachokibeba. Safari ya kesho, lile sanduku jipya, zile nywele unazosukwa, hata ushuhuda wangu kanisani, vyote vimetoka kwenye karatasi iliyonichoma. Mama yako hajui. Anaimba jikoni wakati huu. Sitamwambia mimi.

Nimejaribu kukuonea huruma, na nusu ya njia nimefika. Najua Oduor alikuita. Najua alikuambia uchore haraka, mheshimiwa anangoja, na pengine alisema mzee ameshakubali. Ulikuwa umemaliza masomo, umekaa nyumbani muda mrefu, umepeleka vyeti kila mahali, kuanzia mjini mpaka zile ofisi za Milimani zenye mageti makubwa ambako askari huwapokea watu bahasha na kuwaambia watapigiwa simu. Nilikuona ukirudi na viatu vimejaa vumbi. Na tangu utotoni nilikuambia Mwalimu akikutuma ni mimi nimekutuma. Basi alikutuma. Nilimpa ufunguo wa nyumba yangu mwenyewe, siwezi kulia kwamba ameingia. Hilo ni kosa langu jingine, na ni kubwa kuliko lile la maombi. Mtu asimwazime mwenziwe sauti yake kwa mtoto wake. Siku moja ataitumia.

Lakini mtoto akitumwa, akirudi husema nilitumwa. Hapo ndipo huruma yangu inapoishia. Kuchora ningekusamehe kabla ya chai kupoa. Ungekuja stoo ukaniambia, "Baba, Mwalimu amenitaka nichore hivi, nami naitaka kazi." Ningekasirika, ningerusha kiti, unanijua. Kisha tungekaa. Labda ningekuambia uchore. Kweli, labda ningekuambia hivyo, kwa sababu banda ni mabati na wewe ni mwanangu. Ulichonifanyia ni kuniacha niende kwenye ule mkutano na karatasi kwapani, nikitabasamu, ukijua kinachoningoja. Uliumwa kichwa. Ukaniacha niombe.

Huko unakokwenda utaambiwa tena ugeuze kitu. Utaambiwa dirisha lihamie upande wa barabara, ukumbi upunguzwe, choo cha walinzi kiondolewe kwa sababu mwenye nyumba ameona ni kazi bure. Sikuambii ukatae kila mara. Ukikataa kila mara utarudi kubeba viti, nami sikukusomesha ubebe viti. Mkono mtupu haulambwi, hata mimi nimewapigia wakubwa tenti maisha yangu yote nikachukua haki yangu nikaenda. Lakini yuko mtu atakayekaa juani kwa sababu ya mstari ulioupiga. Ukishindwa kumtetea, mwendee umwambie. Akutukane. Ni afadhali atukane akijua, kuliko akushukuru mbele ya kanisa.

Na usifikiri kile kishikio cha Dani kimekutoa deni. Nimekiwaza sana. Nadhani ulipokichora ulikuwa unajiambia bado uko upande wetu. Siku nyingine naona ulikuwa unaniita, kama mtu anayegonga ukuta usiku akitaka asikike na asionekane. Kama ni hivyo, nilisikia. Nilinyamaza, nawe ukanyamaza, tukawa nyumba ya watu wawili wanaopitishana chumvi. Wiki hizi zote ningeweza kusema mimi kwanza. Nilitaka uanze wewe, kwa kiburi tu cha mzazi. Unaona ninavyoanza sasa, saa hii ya mwisho, tena kwa kalamu.

Nakupenda, Adhiambo. Sikuliandika mapema kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira bado ipo, ila nimeona haijalifukuza lile jingine.

Nitaiweka barua hii ndani ya kiatu chako cha safari, maana mkobani mama yako ataiona. Kesho tukiitwa sebuleni, nitakupa mkono. Kabla mama yako hajasema "ombea mtoto," sema wewe. Si lazima useme mengi. Sema tu, "Baba, nilichora mimi." Mama yako atashtuka, atauliza, tutamweleza, na kama gari litakuacha, yapo mengine. Ukisema hivyo nitakuombea mpaka wakuchoke huko mbinguni.

Na ukishindwa, ukiinama kama ulivyoinama kanisani, nitakuombea pia. Siwezi kukutoa nyumbani kwangu bila maombi, sijawa mtu huyo bado. Ila nitaomba macho yangu yakiwa wazi, nikikutazama.

Ni mimi baba yako,
ninayekungoja.